Upande wa Kushoto wa Kichanja

Kijiwe cha mtaa wa Nyakabiga kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya gereji ya Amissi, ambaye watu walimwita Spana. Idi alifika asubuhi na birika lake la kahawa ya tangawizi, na Idi akishakaa, kijiwe kimefunguliwa. Pembeni yao Zénon alikata kuni za kuuza. Alikuwa akinunua matawi membamba yanayopunguzwa kwenye miti ya barabara za Rohero, mtaa wa wakubwa, akiyakata vipande vya kuingia kwenye mafiga. Gogo nene mtu hulikanyaga kwa mguu akalikata peke yake. Matawi membamba yanataka watu wawili: mmoja alikumbatie fungu zima, mwingine avute msumeno. Kwa Zénon, aliyekumbatia alikuwa mwanawe, Jovithe, aliyesomea ualimu na kurudi nyumbani kila likizo. Mwaka jana, ule wa sabini na mbili, wasomi walipokuwa wakisombwa, lori la askari lilikuja likamchukua. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na kilio, wala jirani aliyethubutu kuja kukaa mkekani na wazazi wake. Parokiani Zénon alimwombea pamoja na wasafiri, maana kumtia katika misa ya marehemu kulitaka mtu wa kusema kwamba amekufa, na Consolée, mkewe, hakutaka mtu huyo awe mumewe. Alichokingoja Zénon kijiweni kilikuwa kidogo tu: rafiki mmoja alitaje jina la mtoto.

Wakati akingoja, kuni zilihitaji kukatwa. Ndipo akatengeneza kichanja. Alilaza miti miwili chini, akaiunga, akasimamisha juu yake nguzo mbili zilizoachana kama pembe za ng'ombe, za kulibana fungu la matawi. Lakini nguzo hizo alizisimamisha upande wa kulia peke yake. Upande wa kushoto, alikokuwa akisimama Jovithe, hakupigilia kitu. Hakukusudia. Alipiga misumari kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita, akaja kugutuka kazi imekwisha.

Asubuhi hiyo alipovuta msumeno kwa mara ya kwanza, matawi yalitawanyika upande wa kushoto kama kuku waliofukuzwa jikoni.

— Inacheza, alisema Spana. Musumari yako ni mufupi, papa Zénon.

— Musumari haina kosa, alijibu Murhula. Huyu alikuwa mtu wa Bukavu. Zamani alimbebea mpima ardhi mnyororo wa kupimia, na tangu hapo akaitwa Arpenta. Udongo ndiyo inateremuka, aliendelea. Nyakabiga yote inateremuka kwenda ziwani. Mi nilipima.

— Na we? aliuliza Idi. Miaka yote umekaa kwenye hii ubao, mbona hujafika kwenye maji?

Walicheka. Zénon aliokota matawi yake, akayapanga upya.

— Ni musumeno, alisema Spana. Uliinunua kwa Mubeleji wakati wanafunga masanduku. Ile musumeno imezoea mti ya Ulaya, mti ya kunyooka. Ukiipa tawi ya hapa, inanuna.

— Musumeno inanuna?

— We hujafungua moteri ya Mubeleji. Mi nafungua kila siku. Kuna zingine usiposemesha kifaransa haziwaki.

— Wallahi, alisema Idi, sababu ni mwezi. Hii mti ilikatwa mwezi ikiwa mupya. Mti ya mwezi mupya haikubali kulala pamoja, inakimbiana.

— Apana. Ni upepo, alisema Murhula, akasimama kabisa na kunyoosha mkono kama aliyeshika mnyororo. Tugeuze kichanja itazame Uvira, kule ng'ambo ya ziwa. Upepo ya Uvira itasukuma matawi, papa atakata bila kushika kitu.

— Na wakubwa wakiuliza kwa nini kichanja ya papa inatazama ng'ambo?

Idi alisema hayo kwa mzaha, lakini yalipotoka kinywani yakawa si mzaha tena: ng'ambo ndiko walikokimbilia walioponyoka malori. Spana alikohoa. Murhula aliketi.

— Tuache mambo ya ng'ambo, alisema.

Zénon aliendelea kupanga matawi. Watu hawa walimjua Jovithe tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Spana ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, hapo hapo mbele ya gereji. Sasa macho yao yalizunguka kichanja chote, yakakagua misumari, udongo na meno ya msumeno, na kila yalipofika upande wa kushoto yaliruka, kama mtu anayekwepa dimbwi ili asichafue viatu. Kila jioni Zénon alisali Baba Yetu, na kila jioni alipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea alikwama. Wale wa lori hakuwajua. Hawa aliwajua.

— Na upande wa kushoto, aliuliza polepole, munauonaje?

— Kushoto iko sawa, alisema Spana haraka.

— Kushoto hamuna neno, papa, alisema Murhula.

Idi alipangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa.

Hapo akaja Mugisho, mpwa wa Murhula, fundi wa matofali aliyeshuka jana kutoka Bukavu kutafuta kazi. Alisalimia wote kwa mikono miwili, akapewa kahawa, akakizunguka kichanja akikitazama kwa jicho la fundi.

— Jambo, papa. Kazi nzuri. Lakini hapa kushoto hamuna nguzo. Nani anashikaka?

— Kunywa kahawa yako, alisema Murhula, inapoa.

— Nauliza tu, mujomba. Mutu moja hawezi hii kazi.

Zénon aliweka msumeno magotini. Alingoja kidogo, awape wengine nafasi. Kisha akasema mwenyewe:

— Jovithe. Mutoto wangu. Yeye ndiye anashikaka.

Jina hilo lilikuwa halijasikika kijiweni tangu siku ya lori. Hakuna aliyelirudia.

— Basi mumuite, alisema Mugisho. Aje ashike, kazi iishe.

Spana alikumbuka kwamba ana gari la mtu ndani ya gereji. Murhula aliinamia kamba ya kiatu chake na hakuinuka. Mugisho aliwatazama mmoja mmoja, kikombe mkononi, asijue alichovunja.

— Kahawa imekwisha, alisema Idi, akaondoka na birika. Lilikuwa zito bado, likimvuta bega.

Zénon alimpa mgeni msumeno, akamgeuzia mpini. Akazunguka upande wa kushoto, akapiga goti, akalikumbatia fungu la matawi kifuani.

— Kata, alisema. Polepole. Ukikaribia mikono yangu, uniambie.