Kadi ya Neno Aladd

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka mwalimu wa Kiarabu tuliyezoea kumwita Mwalimu Kadi. Ametutoka mwezi uliopita. Kwa miaka thelathini alikusanya maneno ya Kiarabu cha kale yanayotaja hasira na ugomvi. Hasira na ugomvi tu, basi.

Kila neno lilikuwa na kadi yake. Mbele aliandika maana. Nyuma aliandika mtu aliyemwona na tabia hiyo kwa macho yake mwenyewe. Bila mtu, kadi haikuingia sandukuni. Mimi niliwahi kuwa mwanafunzi wake, nikapewa naziq: mwepesi wa kuwaka. Sikubisha. Shemeji yake alipewa shakis, mtu asiyepatana na yeyote. Akanuna mwaka mzima, akaongezewa kadi ya pili.

"Nikipandisha sauti jikoni, nasikia penseli sebuleni," mjane wake aliniambia. "Hata sasa naisikia, mwanangu. Nanyamaza."

Nilikaa katika sebule ile wiki iliyopita. Watu wazima watano, wote wananong'ona. Nami nikajikuta nanong'ona, siwafichi.

Anayeteseka zaidi ni binti yake wa pekee, muuguzi. Aliona miguu ya baba imevimba, akamsihi waende hospitali. Mzee akakataa. Akamsihi tena. Akakataa tena.

"Nikamwambia, basi kufa na kadi zako," binti alisema. "Nikabamiza mlango, nikaondoka. Siku ya tisa akafa."

Tangu mazishi hakuthubutu kulifungua sanduku. Alitaka kujua baba alimwandika neno gani, na aliogopa kujua. Juzi alilifungua, nami nikiwa pembeni yake. Kadi ya mwisho ilikuwa aladd: mgomvi asiyekubali haki hata akiiona. Nyuma imeandikwa, "Binti yangu, kuhusu hospitali." Maneno hayo yamekatwa kwa mstari. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mimi."

Binti aliisoma mara tatu.

"Kumbe alijua," akasema. "Na simu ilikuwa pale pale mezani. Kwa nini hakunipigia?"

Swali hilo nawaletea ninyi, wasikilizaji wapendwa.

Kwa mjane, kwa binti na kwa ukoo mzima, poleni sana. Mungu ampumzishe mwalimu wetu. Nawe unayenisikiliza, huenda kosa lako umeshalikiri moyoni. Mwenzako bado hajui. Mpigie.