Marta Akidor, Aliyewafunda Waendao Ng'ambo

Mchungaji wetu, wazee, majirani wa hapa Lodwar, na ninyi mliofika jana kwa msafara kutoka Kakuma, poleni nyote, mimi ni Lokeno, mpwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu mkubwa, Marta Akidor.

Alizaliwa mwaka 1951 huko Lorugum, binti wa Mzee Adome, mfugaji wa ngamia, akaanza shule akiwa msichana mkubwa kwa sababu mbuzi walikuwa mikononi mwake, akamaliza darasa la saba hapa Lodwar mwaka 1968, kisha akasomea uuguzi Kitale hadi Desemba 1973. Alifanya kazi katika zahanati za Kalemng'orok na Lokori, na huko Lokori akakutana na mwalimu Yosefu Ejore, wakafunga ndoa tarehe 9 Aprili 1977, Mungu akawajalia Ekai na Losike, mnaowaona hapa mbele.

Machi 1990 kanisa lilimtuma Papua Guinea Mpya, awe muuguzi wa misheni kwa miaka mitatu, naye mumewe akakubali kubaki na watoto. Huko mvua haikukatika, barua zilichukua miezi, na watu walilipa mahari kwa nguruwe, nao waliposikia kwamba kwao Marta mahari hulipwa kwa ngamia wakamheshimu kupita kiasi. Agosti 1992 mwalimu Ejore aliugua malaria, akafariki, na wazee wa ukoo wakakubaliana mkewe asiambiwe mpaka amalize muda wake.

Alirudi Aprili 1993, akashuka kwenye ndege hapa uwanjani, akawakumbatia watoto, akawa anamtafuta mumewe kwa macho, ndipo shemeji yake, Mzee Ekuru, akamwambia, "Tulimzika Agosti. Tuliogopa utaiacha kazi ya Mungu."

Mama mkubwa aliketi juu ya sanduku lake, akasema, "Agosti niliimba harusini."

Hakumgombeza mtu, lakini uchovu uliomwingia siku ile haukumtoka tena.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na kila kanisa, la wenyeji au la ndugu zetu Wasudani, lilipokuwa na mtu wa kutumwa ng'ambo lilimpeleka kwake, naye aliwafunda jioni baada ya kazi, miguu imevimba, akiwataka wapunguze mizigo, wajifunze kuomba maji kwa lugha ya wenyeji kabla ya kuhubiri, wale wanachopewa, mwaka wa kwanza wasimrekebishe mtu, wasiwaahidi watoto siku ya kurudi, na zaidi ya yote kila mmoja amchague mtu wa nyumbani atakayemwambia ukweli, hata ukiwa mchungu.

Achol Kuot, mwinjilisti wa kambini, alimchagua yeye. Novemba 1997, Achol akiwa ametumwa Brazili, mama yake alifariki Kakuma, na wazee wa kambini wakaomba binti afichwe habari hiyo, kwani alikuwa amebakiza mwaka mzima. Marehemu aliwasikiliza hadi mwisho, akawaambia anawaheshimu lakini hatanyamaza, akapanda gari la msafara hadi Lodwar, akampigia simu kutoka posta.

"Mama yako amefariki, mwanangu," alimwambia. "Sikuambii urudi, wala sikuambii ubaki. Lia leo, nasi tutalia pamoja nawe."

Wazee wale walimnunia miezi mingi, wengine hata salamu ya ejok wakamnyima, naye akaendelea kuwatibu. Achol alichagua kubaki, akamaliza kazi yake, akarudi Desemba iliyopita.

Januari 1999 mama mkubwa alianza kuugua figo, akalazwa hapa Lodwar, kisha Eldoret, akaomba arudishwe nyumbani, na Achol ndiye aliyemlisha na kumgeuza kitandani hadi tarehe 14 Juni 1999, alipokata roho saa nne asubuhi, na ndiye aliyemwosha pamoja na binti zetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliotuletea maji na kuni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Kakuma, na wazee wale wa kambini, ambao leo wamekuja wote, wakaomba wenyewe kulibeba jeneza.

Mama mkubwa, ulichoka muda mrefu na hukusema, sasa pumzika kwa amani, zamu yako imekwisha.