Namuria Aliyefumua Nyungo za Wageni

Mgeni asije, mwenyeji apone.

Hapana, wasikilizaji wapendwa, sijakosea. Methali mliyofundishwa naijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwaka wa korona methali hiyo iligeuka, ikawa miguu juu kichwa chini. Aliyeigeuza ni mama mmoja wa Eliye Springs, msusi wa nyungo, akiwa ameshika kiuno mbele ya kamba iliyofunga barabara. Jina lake Namuria. Namuria wa Lomorukai. Tulimzika Jumamosi.

Mimi ni Akoru, hapa Lodwar. Kama uko Kakuma, kama uko Lokori au Katilu, ongeza sauti kidogo. Leo ni siku ya Namuria.

Namuria hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa kwenye malisho ya mbuzi. Ukame ulipowamaliza mbuzi wa baba yake, aliolewa na mzee Lomorukai wa Eliye, akawa mke wa pili. Alimkuta mke mkubwa. Huyo mke mkubwa anaitwa Abei. Shikeni jina hilo, wasikilizaji. Abei yu hai, na wakati huu ana redio mkononi.

Abei ndiye aliyemfundisha Namuria kusuka. Alimwonyesha jinsi ya kukata majani machanga ya mkoma, ule mtende wa nyikani, kuyaanika, kuyachana, kuyaloweka, kuyazungusha. "Alikuwa na vidole vya mtu wa kukamua," Abei aliniambia msibani. "Alivuta kila kitu kama chuchu." Mzee Lomorukai alifariki watoto wakiwa wadogo. Wajane wawili wakabaki na jiko moja. Ungemwuliza mtoto yeyote pale, mama yako yuko wapi, naye angekuuliza: yupi?

Na jiko hilo moja liliwashwa na wageni.

Mnaijua Eliye. Chemchemi, mchanga, ziwa. Wageni walikuja kutoka Nairobi, kutoka Ulaya, wakaoga, wakalala, na kabla ya kuondoka walinunua nyungo. Lakini mgeni hapepeti mtama. Mgeni anataka kitu cha kutundika ukutani. Basi akina mama wakasuka vya ukutani. Mwaka baada ya mwaka rangi ziliongezeka, na nafasi kati ya uzi na uzi ikapanuka. Nani angelalamika? Ukuta haulalamiki.

Kisha korona ikaingia nchini. Ndege zikasimama. Hoteli zikafungwa. Mlinzi akavuta kamba barabarani, akina mama wakaja kumwuliza hadi lini. Hakujua. Ndipo Namuria akashika kiuno.

"Basi tumesikia," akasema. "Mgeni asije, mwenyeji apone."

Abei akadakia hapo hapo: "Apone, halafu ale nini?"

Swali ni hilo, wasikilizaji wapendwa. Ale nini? Huko mijini watu waliambiwa wakae nyumbani wafanye kazi. Kazi ya Eliye ilikuwa mgeni, na mgeni alikuwa ameambiwa akae kwake. Banda la akina mama lilijaa nyungo hadi darini. Ugonjwa wenyewe haukufika pale. Njaa ilifika.

Baada ya miezi kadhaa, Abei alikwenda Katilu kwa kaka yake, mwenye shamba kando ya mto Turkwel, kumwomba mahindi. Namuria alifunga nyungo mgongoni, akapanda lori la samaki wakavu lililokuwa likielekea Kakuma. Bintiye Apajok alikuwa naye. Kwenye kizuizi, askari alimmulika tochi usoni.

"Mama, abiria hawaruhusiwi. Ni mizigo tu."

"Abiria ni nani?" Namuria akamjibu kutoka juu ya magunia. "Mimi ni mzigo. Angalia, nimefungwa kamba."

Apajok anasema askari alicheka hadi barakoa ikamteleza. Mzigo ukapita.

Kakuma, Namuria alipelekwa kwa mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza nafaka. Anaitwa Achai. Achai alimsalimu kwa Kiturkana, "Ejok," akaupokea ungo mzuri kuliko zote, akaumwagia mtama, akautikisa mara moja.

Mtama wote ukaanguka miguuni pake. Kuku wakaja mbio.

"Mama yangu," Achai akasema, "hii ungo ni ya kupepeta, ama ni ya kulisha kuku?"

Soko zima likacheka. Namuria naye akacheka. "Ni ya ukuta," akasema polepole.

"Ukuta gani? Mimi niko na turubai!" Achai akamshika mkono. "Sikia. Mtama ya huku iko na mawe, wanawake wanachagua na vidole. Ungo ya Uganda imekwama mpakani. Wewe leta ile inashika mtama. Hii lori ikirudi, mimi najaza chakula ya watoto yako. Lakini usiniletee madirisha!"

Apajok anakumbuka njia ya kurudi. Walipofika karibu na Lodwar, mama yake alisema: "Tumesuka hadi tumesahau mtama."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Lori lingerudi Kakuma wiki iliyofuata. Majani mabichi ya mkoma yanataka kuanikwa kwanza, na mtoto mwenye njaa hasubiri majani yakauke. Lakini banda lilijaa miyaa mikavu, imekwisha kuchanwa, imekwisha kutiwa rangi. Ilikuwa ndani ya nyungo za ukutani. Namuria akaweka karai la maji mbele yake, akachukua ungo wake wa kwanza, akaufumua. Akina mama wenzake walipiga mayowe. Kisha, mmoja mmoja, wakaleta zao. Walifumua, wakaloweka, wakasuka upya, wakikaza uzi hadi punje isipite.

Haikutosha. Ukutani ulibaki ungo mmoja tu. Ungo wa Abei.

Huo haukuwa ungo wa kawaida. Ulikuwa mpana kuliko mlango wa nyumba, una ziwa katikati na rangi ya jioni ukingoni. Abei aliusuka kwa msimu mzima. Mama mmoja wa Uholanzi aliuona kabla ya korona, akaupapasa, akasema: nitunzie, nitaurudia. Abei aliutunza. Kila asubuhi aliufuta vumbi. Ungo huo ndio uliomwambia Abei kwamba dunia itarudi.

Abei alikuwa Katilu. Namuria hakuwa na namna ya kumuuliza. Na nitawaambia ukweli: hata angekuwa nayo, nadhani asingemuuliza. Aliushusha, akaufumua, kuanzia rangi ya jioni hadi katikati ya ziwa.

Lori lilikuja, lilikwenda, lilirudi. Lilirudi na mtama, kama Achai alivyoahidi. Abei naye alirudi, na mahindi machache ndani ya leso, kwa kuwa hata Katilu mambo yalikuwa magumu. Aliwakuta watoto wameshiba. Kisha akaingia bandani, akakuta msumari mtupu ukutani.

"Ungo wangu uko wapi?"

"Kakuma," Namuria akasema. "Umezaa, dada. Umezaa nyungo ndogo tele, zinapepeta mtama huko."

"Ulikuwa wangu!"

"Na hao waliokula, watoto wa nani?"

"Yule mama atarudi kuuchukua. Utamwambia nini?"

"Hatarudi."

Abei alitaka neno moja tu: nisamehe. Namuria hakulitoa. Tangu siku hiyo Abei aliacha kusema naye. Walipika jiko moja, wakalala ua mmoja, lakini Abei alizungumza na mke mwenzake kupitia mbuzi wa pale uani. "Mbuzi, mwambie huyo mwanamke chai iko tayari." Namuria naye akajibu: "Mbuzi, mwambie nimesikia, sukari ni kidogo." Esekon, mwana wa Abei, ananiambia mbuzi yule alinenepa kwa kuitwaitwa.

Na sasa lile ambalo Namuria hakulipenda. Yule mama wa Uholanzi alirudi.

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Alirudi. Ndege ziliporuka tena, kamba ilipoondolewa, alishuka garini akaenda moja kwa moja kwenye banda, akatazama ukuta. Abei alisimama, mikono mitupu. Aliyesogea mbele ni Namuria.

"Tuliula," akamwambia.

Mgeni hakuelewa. Mwongozaji wake akamtafsiria. Yule mama akanunua ungo mdogo, akauliza ule unga uliokwama kwenye nyuzi ni wa nini. Kisha akaondoka. Hatujamwona tena. Abei alikuwa amesema kweli: mgeni angerudi. Namuria alikuwa amekosea. Usiku huo Namuria alianza kusuka ungo mpana kuliko mlango, akajaribu kuweka ziwa katikati. Ziwa lilitoka kama chapati. Abei aliliona asubuhi, akamgeukia mbuzi: "Mwambie aache. Anatuaibisha." Alikaa chini kando yake, akaufumua, wakaanza pamoja.

Ungo huo haukuuzwa. Namuria alizikwa nao. Abei ndiye aliyeuweka.

Namuria alifariki hapa Lodwar, hospitalini, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ameacha watoto, wajukuu, na akina mama wa Eliye ambao hadi leo husuka nyungo za aina mbili: za ukuta na za mtama. Kwako Apajok na ndugu zako, poleni. Kwako Esekon, pole. Achai ametuma salamu kutoka Kakuma. Anasema ungo wa kwanza wa mtama aliosuka Namuria bado anao, na kuku wamekata tamaa. Na kwako mama Abei, hatuna neno la kukutosha. Pole sana.

Nanyi mnaosikiliza, mjiulize. Mgeni akichelewa tena, kwa ugonjwa au kwa jambo lingine, ndani mwenu mna nini kinachoshika mtama?

Mwaka jana tulifika Eliye kumrekodi Namuria. Nilimuuliza kama yuko tayari kumwomba Abei radhi kwa ule ungo. Asubuhi ya leo Esekon alinipigia simu, akanisihi nisiicheze sehemu hiyo, kwamba marehemu husitiriwa. Nikampigia Abei. Abei akasema, "Cheza yote. Usikate hata kikohozi." Kwa hiyo msikilizeni. Sauti ya kwanza ni ya Abei, kwa nyuma, karibu na jiko.

"Mbuzi, mwambie ajibu, watu wa redio wanangoja."

"Mbuzi, mwambie Abei ungo wake ulikuwa mzuri kuliko vitu vyote nimeona na hii macho. Nililia nikifumua. Na mwambie watoto walikula. Kesho njaa ikija, nafumua tena. Siombi radhi."