Udongo wa Chini ya Misonobari

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, wewe kifungua mimba na wewe kitinda mimba, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu na ninyi mkianza kubishana hamjui kunyamaza.

Kitalu cha miche nawaachia, pamoja na pampu, viriba vya kuoteshea na lile toroli bovu mnalolikimbia. Lakini nimesikia mnataka kuikata misonobari mikongwe ya nyuma ili mpanue kitalu. Thubutu! Kabla hamjashika msumeno, jueni nililowaficha miaka ishirini na mitano.

Mnajua nilimfukuza baba yenu mdogo, nikasema ametia ugonjwa kwenye miche. Haikuwa hivyo. Mwaka ule miche ya misonobari ilidumaa, ikawa ya njano, nami kwa kupenda kwangu usafi nilikuwa nachemsha udongo kwenye pipa, na kila nikihamisha mche naosha mizizi mpaka nyuzi nyeupe zote zitoke, nikidhani inaoza. Shemeji yangu huyo akaja na ndoo ya udongo aliouchota chini ya misonobari ile mikongwe, akaumwaga kwenye tuta moja la miche bila kuniuliza. Nikamwita mchafu mbele ya vibarua, nikamtupia virago vyake nje.

Miezi ikapita, na tuta lile peke yake likawa kijani, miche yake mirefu mara mbili ya mingine. Nikang'oa mmoja, nikakuta mizizi imevikwa nyuzi zile zile nilizokuwa naziosha. Kumbe ni kuvu, inayofuata maji na chakula cha ardhini mahali mzizi haufiki, na mche nao unailisha sukari inayotengenezwa na majani, kila mmoja akimkuza mwenzake. Niliyajua hayo nikanyamaza. Nikasifiwa kwa maarifa ya shemeji yangu, na kiburi kikaniziba mdomo. Naona haya, wanangu, naona haya sana.

Basi misonobari ile isiguswe. Kila msimu chukueni ndoo chache za udongo wake, mchanganye kwenye viriba, na mbolea ya dukani mtie kidogo tu, maana mche ukishibishwa mbolea hauijali tena kuvu yake. Wewe kitinda mimba, acha kupiga dawa kila uonapo uzi mweupe. Umerithi ugonjwa wangu wa usafi. Na theluthi ya kitalu ni ya baba yenu mdogo, msinung'unike.

Nipeni maji... Taratibu. Haya, yatosha.

Radhi zangu mnazo, zote. Mungu aibariki mikono yenu, na... na kila mtakachokipanda kishike.

Sasa mmoja wenu afungue mlango. Yule mzee aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, mkadhani ni mteja, ndiye yeye. Nilimwandikia, akaja. Mleteni akae hapa, karibu... nimwombe msamaha ningali na sauti.