Maisha ya Nosaka Shigemitsu, Mlinzi wa Rada wa Manowari Arashima

Ndugu, majirani, na ninyi mliotumikia naye baharini, familia imenituma niwasomee kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu aliyelala hapa mbele yetu.

Marehemu Nosaka Shigemitsu alizaliwa tarehe 14 Februari 1960 mjini Miyazu, akiwa mtoto wa tatu wa kinyozi Nosaka Eikichi na mkewe Haruyo, akasoma shule ya msingi na ya sekondari papo hapo Miyazu, ambako walimu walimjua kama kijana mpole, mwepesi wa hesabu na mzito wa kusema.

Tarehe 3 Aprili 1978 alijiunga na jeshi la majini la kujihami, akafunzwa rada, na mwaka 1994 akapangiwa manowari Arashima, yenye makao yake hapa Maizuru, ambamo alipanda hadi kuwa mkuu wa waendesha rada. Arashima ilipopewa kazi ya kuzuia makombora ya masafa marefu, marehemu alipelekwa nayo hadi bahari ya Hawaii kwa majaribio, na tarehe 6 Novemba 2008 aliona kwa macho yake, kwenye kioo cha rada, kombora la meli yao likipanda juu kupita mawingu, juu kupita hewa yenyewe, na kulipiga jingine lililokuwa likija kasi kuliko risasi. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, "Mama Fumie, ni kama mtu asimame Kyoto arushe punje ya mchele, aipige punje nyingine inayoanguka Tokyo." Mkewe akamjibu, "Na nyie mmeipiga?" Akasema, "Tumeipiga," machozi yakimtoka.

Alikuwa amemwoa Setsuyo, binti wa mwuza tofu ya soya wa mtaa wa pili, tarehe 10 Mei 1986, wakajaliwa watoto wawili, Fumie mwaka 1988 na Kazuhisa mwaka 1991, na watoto hao walizoea baba wa kuja na kuondoka, ambaye alisema baharini mtu husahau siku, asikumbuke kuwa ni Ijumaa mpaka anuse mchuzi wa bizari, unaopikwa kila Ijumaa, ukitoka jikoni mwa meli.

Jambo ninalolisoma sasa hata sisi wa familia tumelijua juzi tu, alipofika nyumbani Mzee Hirabayashi, aliyekuwa nahodha wa Arashima. Asubuhi ya tarehe 12 Septemba 2012, baada ya siku thelathini na nne za kungoja baharini, kombora lilirushwa kutoka ng'ambo, na amri ilikuwa kwamba likija kuangukia nchi kavu lipigwe, likipita liachwe, kwa maana makombora ya kujikinga yalikuwa machache, na kufyatua bila sababu kungeweza kuwasha vita. Njia ya kombora ilielekea mji wa Akita, na wote katika chumba cha rada walijua kwamba Fumie ameolewa Akita. Nahodha akauliza, "Nosaka, linaanguka au linapita?" Marehemu akasema, "Nipe sekunde kumi, Kapteni." "Kumi sina." "Basi tano." Mzee Hirabayashi anasema hizo tano zilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote ya jeshi, kwani alikuwa na mkono juu ya kitufe, akimtazama baba huyu ambaye angesema neno moja tu, "linaanguka," na hakuna ambaye angemlaumu. Marehemu hakuinua macho kutoka kwenye kioo. "Linapita," akasema. "Una hakika? Mwanao yuko kule." "Ndiyo maana nimehesabu mara mbili, Kapteni. Linapita." Kombora likapita juu mno ya Akita, likazama katika bahari kuu, na hakuna aliyeumia. Marehemu alirudi nyumbani, akaoga, akala wali na samaki, hakusema lolote juu ya jambo hilo mpaka anakufa. Fumie aliposikia haya juzi, alisema, "Siku ile nilikuwa uani naanika nepi za mtoto. Nilitazama juu, sikuona kitu, nikaendelea kuanika."

Alistaafu tarehe 31 Machi 2014, akawa anafundisha watoto wa mtaa hesabu bila malipo. Mwezi Januari mwaka huu wa 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hapa Maizuru, na tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, akafariki dunia, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliomletea Mama uji na supu bila kuitwa, na mabaharia wa Arashima, hasa wewe Mzee Hirabayashi, uliyetupa baba ambaye hatukumjua.

Baba, zamu wameipokea wengine, nao wako macho. Lala, upumzike kwa amani.