Msimfungie Ghalani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine hamjambo. Mimi si msemaji, mnanijua. Kwenye mikutano nakaa nyuma kule, nasinzia. Leo nimeomba nafasi kwa sababu nimesikia mmekubaliana kumfungia mwenzetu mmoja kwenye ghala la kijiji, kuanzia Jumamosi, mpaka pombe imtoke. Jina silitaji, mwenyewe yumo humu. Mlipouliza nani atashika ufunguo, shemeji yangu alitoka nje analia, na wengine mkacheka. Mlicheka nini, jamani? Wengi wenu mmehamia hapa juzi tu, hamjui alilia nini. Mume wake, mdogo wangu mimi, alifia ndani ya ghala lile.

Gongo mimi na mdogo wangu tulijifunza Rudewa, tukikata mkonge. Ukimaliza kazi mgongo unawaka moto, unapita kwa mama mmoja nyuma ya kambi, unapata kikombe, mgongo unanyamaza. Baadaye ikawa asubuhi pia, maana bila kikombe mkono haukushika kisu. Tuliporudi huku kulima shamba la ujamaa, tulirudi na gongo letu. Zamu yetu ya kupalilia ikifika, wenzetu wanatukuta tumelala mtaroni. Mdogo wangu alikuwa na mke na mtoto anayenyonya. Mimi sikuwa na mtu. Nani angenitaka?

Basi wazee wakakaa kikao. Walitupenda, msiwaseme vibaya. Wakaamua tuingie ghalani siku saba, uji na maji tupewe dirishani, na mlango usifunguliwe hata tukilia, kwa kuwa mlevi hulia uongo. Ufunguo akapewa shemeji, yeye ndiye aliyeteseka kuliko wote. Tulikubali wenyewe. Mdogo wangu aliapa mbele ya watu, akaingia anatabasamu.

Sasa ndugu zangu, hili ninalowaambia sijawahi kumwambia mtu hapa kijijini. Mimi niliingia na chupa. Niliifunga kiunoni, kisha nikaificha katikati ya magunia ya mtama.

Siku ya kwanza alitetemeka tu. Siku ya pili akaanza kukung'uta siafu mwilini, na siafu hawakuwapo. Kila akigeukia ukutani, mimi napiga funda moja, nafunga kizibo. Akaninusa. Akasema, "Kaka, una kitu? Nipe hata cha kulowesha ulimi." Nikamwambia, "Sina. Unanusa jasho la juzi." Niliona nikimpa ataimaliza. Choyo, ndugu zangu, choyo cha mlevi, hakina jina jingine.

Siku ya tatu, jua la mchana, alipiga mlango kwa viganja akimwita mkewe. "Nifungulie mke wangu, nakufa." Mkewe alikuwa palepale nje, namsikia anavyolia, lakini alikuwa ameambiwa asifungue. Mara mdogo wangu akaanguka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Nikapiga kelele. Wakadhani sasa tumekubaliana kulia wote wawili. Walipofungua, alikuwa amekwisha kata roho.

Wapo waliosema jini. Wapo waliosema mke kamuua mumewe, na mpaka leo wapo. Mimi nilinyamaza, nikanywa miaka miwili mingine. Niliogopa kuacha, maana nilishaona kuacha kunavyoua. Mwisho nikawa siwezi kubeba kikombe cha maji bila kumwaga. Aliyenipandisha kwenye lori kunipeleka Mikumi kwa daktari ni huyohuyo shemeji. Wengine wote walikuwa wamenichoka, na walikuwa na haki.

Yule daktari nilimsimulia mdogo wangu alivyokufa, naye hakunigombeza. Alisema, "Mzee, huu ni ugonjwa, na umekaa kwenye ubongo. Pombe inausukuma ubongo wako ulale, nao kila siku unasukuma ili uamke, kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anaanguka kifudifudi. Ndicho kifafa kile." Akasema ana vidonge vya kuushika mlango, leo vingi, kesho pungufu, mpaka ubongo usimame wenyewe, na sindano za vitamini juu yake. Akasema haya ni mambo mapya, hata wao zamani walikuwa wakiwafungia watu.

Nikamuuliza, "Daktari, na kama mdogo wangu angepata funda kidogo?" Akanitazama. Akasema gongo si dawa, nisije nikamtibu mtu kwa gongo nyumbani. Kisha akasema polepole, "Lakini pengine angefika kwangu akiwa hai." Loo! Nililia pale mpaka nikatapika.

Nilipona, lakini si kama homa inavyopona. Ubongo unakumbuka. Daktari alinionya kwamba pale panapojifunza raha pamejifunza chupa, na itachukua muda mrefu kupafundisha kitu kingine. Kweli, mwezi wa nne baada ya kutoka Mikumi nilipita penye mtambo wa gongo, harufu ikanivuta, nikanywa. Shemeji hakunifukuza. Aliniambia, "Rudi kwa daktari," akanifungia mihogo ya njiani. Tangu siku hiyo nazunguka kwa njia ya mtoni. Ni mbali, lakini nazunguka.

Namshukuru daktari yule. Nawashukuru wazee ambao hawakuninyima jembe. Na ninyi nawaomba: msimfungie mtu. Mpelekeni zahanati kabla hajaacha, mkae naye, mmlishe. Wewe mwenzetu, Jumamosi asubuhi nitakuja kwako, twende wote. Usiache peke yako kabla ya hapo.

Shemeji, ulinipikia uji kwa mikono yako nami nikiwa nimekuficha jambo hili. Hukumuua wewe. Wewe ulitii tu. Mwenye kitu cha kumwokoa alikuwa ndani naye, akamwambia hana. Nimelisema mbele ya watu ili asiwepo tena wa kukunyooshea kidole. Kama una neno la kuniambia, niambie hapahapa wasikie. Na kama unataka kuondoka, mpisheni njia.