Mtaro Usiofika Goti

Ndugu wanachama, naomba niongee nikiwa nimesimama. Nikikaa nitaghairi.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeishi Magu, Geita, Bukoba, na kote huko niliota mlima huu wa Kirumba na mawe yake. Mama alipofariki nikarudi kwenye nyumba yake. Nikawakuta mnafukia faiba yenu wenyewe, waya wa intaneti, mali ya wenye nyumba, kila mmoja akichimba mtaro wa mbele ya kwake, kina cha goti. Nikajiunga.

Wangu uligonga mwamba. Nikaishia kina cha kiganja, nikalaza waya, nikafukia. Mkaguzi akauliza, "Goti limefika?"

"Limefika, kaka."

"Goti la nani? La kuku?"

Tukacheka. Hakufukua.

Jirani yangu ni mzee mpasua mawe. Sehemu ya mwamba ule iliyojitokeza ilimzibia njia, akawasha moto juu yake, ndivyo tunavyopasua mawe hapa. Aliamini waya uko chini kina cha goti, moto hautaufikia. Ukayeyuka, mlima mzima ukakosa intaneti.

Kwenye kikao mlimkaripia. Akajibu neno moja tu: "Nilijua ni goti." Akanitazama. Ndugu zangu, nawaambia, nilitazama viatu vyangu.

Mkamkatia waya. Zamani kila jioni nilimsikia kupitia ukuta akiongea na mjukuu wake aliye mbali: "Babu huyu hapa! Babu huyu!" Bando la simu la kuonana kwa video hana uwezo nalo. Kukawa kimya, na kimya kile sikukiweza. Nikabeba begi hadi stendi ya Nyegezi.

"Wapi, braza?" mkata tiketi akauliza. Sikuwa na pa kutaja. Mimi!

Nikarudi, nikamwita mama mwenyekiti, nikafukua mbele yake. Alipima kwa kiganja chake. Hakunitukana. Alisema, "Kachukue nyundo."

Nilipiga mwamba ule wiki nzima. Siku ya nne mzee akatoka, akanionyesha kwa kidole mshipa wa jiwe, pale linapopasukia, akarudi ndani.

Asante, mama mwenyekiti. Asanteni mliomrudishia waya. Mzee, asante kwa kile kidole.

Siku hizi namsikia tena: "Babu huyu hapa." Lakini mtoto amemsahau, anamwonea haya, anakimbia simu. Hilo siwezi kulichimba upya.

Waya ni wetu, ndugu zangu. Hakuna kampuni ya kuilaumu. Ukifukia uongo mbele ya kwako, moto utamuunguza jirani.

Shikamoo yangu mzee huitikia. Zaidi ya hapo, bado hajasema nami.